Kusema "kwetu hakuna" si kinga ya saratani ya matiti

Mshauri mwanamke wa miaka arobaini na kitu aende kuchunguzwa matiti, na mara nyingi jibu utakalopata ni fupi: "Kwetu hakuna." Mama hakuugua, bibi hakuugua, dada zake wapo na afya zao, basi hilo ni tatizo la koo nyingine. Jibu hili halitokani na ujinga. Kwa miaka mingi watu wamesikia kwamba saratani ya matiti inaweza kurithiwa, na mtu yeyote mwenye akili akisikia ugonjwa unarithiwa huanza kuhesabu ndugu zake. Lakini hesabu hiyo inaanzia mahali padogo sana. Katika saratani zote za matiti, zile zinazotokana na hitilafu ya jeni aliyoirithi mtu kutoka kwa mzazi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya wanaopata ugonjwa huu hawana kihatarishi chochote kinachojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuvuka umri wa miaka 40. Maana yake ni kwamba wengi wanaotibiwa ugonjwa huu nao wangeweza kusema, tena kwa ukweli, kwamba kwao hakukuwa na mtu.

Hata kauli yenyewe haina uhakika tunaoupa. Ili ukoo ujue kwamba "hakuna", lazima waliotangulia wawe walipimwa, waliambiwa matokeo, na waliobaki waliambiwa pia. Ni familia ngapi zina kumbukumbu ya namna hiyo? Bibi aliyefariki miaka ya sabini kwa "kidonda kifuani" hakuwahi kuchukuliwa kinyama kikapelekwa maabara. Mama mkubwa aliyefariki akiwa amevimba tumbo huenda alikuwa na saratani ya ovari, nayo ina undugu wa karibu na baadhi ya saratani za matiti, lakini msibani ilisemwa ni tumbo tu. Wapo waliojua na wakaficha kwa aibu, au kwa kuhofia mabinti watakosa wachumba. Halafu kuna upande wa baba, ambao watu wengi hawauhesabu kabisa. Jeni mbili zinazojulikana zaidi kwa kurithisha ugonjwa huu, BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, hupita kwa baba sawasawa na zinavyopita kwa mama. Baba anaweza kuwa na mojawapo yenye hitilafu, akaishi hadi uzee bila kuugua, akamwachia binti yake. Kwa hiyo shangazi na bibi mzaa baba wana uzito uleule wa mama mdogo na bibi mzaa mama. Na kama baba hakuwa na dada hata mmoja, jeni hiyo inaweza kukaa kimya kizazi kizima kwa sababu tu hapakuwa na mwanamke wa kuidhihirisha.

Kinachoongeza uwezekano wa kuugua kuliko mambo mengine mengi ni umri, na hakizungumzwi inavyostahili, labda kwa sababu kinamhusu kila mtu. Takwimu za Marekani, ambako kumbukumbu zimewekwa kwa miongo mingi, zinaonyesha kwamba mwanamke wa miaka 30 ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 200 wa kugunduliwa na ugonjwa huu ndani ya miaka kumi inayofuata. Akifika 40 uwezekano huo ni kama 1 kati ya 65, na akifika 60 ni kama 1 kati ya 28. Huko huko Marekani ndiko ilikotoka ile "mwanamke 1 kati ya 8" inayosambazwa kwenye simu zetu kila Oktoba. Takwimu hiyo inahusu maisha yote ya mwanamke wa Marekani, tangu kuzaliwa hadi uzeeni. Mwanamke wa Singida akiisoma kama ilivyo anaweza kudhani katika kikoba chao cha akina mama 24, watatu tayari wanaumwa. Huo ni woga usio na msingi, na woga wa namna hiyo humfanya mtu akwepe kupima.

Vivyo hivyo vikokotoo vya hatari vilivyopo kwenye intaneti. Kinachojulikana zaidi kinatokana na kazi ya Mitchell Gail na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, iliyochapishwa mwaka 1989. Kilijengwa kwa takwimu za wanawake weupe wa Marekani, na baadaye, mwaka 2007, kikarekebishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Kinauliza umri, umri wa kuvunja ungo, umri wa kupata mtoto wa kwanza, kama umewahi kukatwa kinyama cha titi, na ndugu wa damu walio karibu kabisa: mama, dada na binti. Shangazi hamo. Na hata toleo la "mwanamke mweusi" halitufai moja kwa moja, kwa sababu Wamarekani weusi wengi asili yao ni Afrika Magharibi, na tafiti zimeonyesha kwamba aina ya saratani ya matiti isiyo na vipokezi vitatu, ambayo ni kali na ngumu kutibu, imeenea zaidi Ghana kuliko Ethiopia. Rangi ya ngozi haitoshi kutuweka kapu moja. Kikokotoo hicho ni chombo kizuri kwa watu kilichotengenezewa. Kwetu sisi kinaweza kutoa namba yenye nukta na desimali, ikaonekana ya kisayansi, na bado ikawa haituhusu.

Kuna pia vihatarishi vya maisha ya kila siku, na hapa ndipo watu wanapotishwa zaidi kwa sababu asilimia zinatajwa nusunusu. Mwaka 2017 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake milioni 1.8, na wakakuta wanaotumia uzazi wa mpango wenye homoni wana hatari iliyozidi kwa asilimia 20. Ukiisikia hiyo peke yake utatupa vidonge dirishani. Lakini watafiti hao hao walieleza maana yake kwa hesabu ya watu: katika kila wanawake 7,690 wanaotumia njia hizo kwa mwaka mmoja, huongezeka mgonjwa mmoja. Asilimia 20 ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo, na upande wa pili wa mizani kuna vidonge kupunguza saratani ya ovari na ya mji wa mimba, na kuna mimba zisizotarajiwa, ambazo katika nchi zetu zina hatari zake kubwa. Pombe nayo ni hivyo hivyo. Imethibitika kusababisha ugonjwa huu, na kila kinywaji kimoja kwa siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 7 hadi 10, kwa hiyo kupunguza kuna maana hata kwa asiyelewa. Uzito uliozidi baada ya kukoma hedhi huongeza pia. Kunyonyesha kunapunguza: uchambuzi mkubwa wa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulikuta kila miezi 12 ya kunyonyesha inashusha hatari kwa asilimia 4.3, na kila uzazi kwa asilimia 7. Wanawake wetu wamenufaika na hili kwa vizazi vingi. Lakini kupungua si kufutika, na mama aliyenyonyesha watoto sita hapaswi kuambiwa kwamba uvimbe wake hauwezi kuwa kitu. Ama kuhusu kuweka hela au simu ndani ya sidiria, au kugongwa kifuani utotoni, hakuna ushahidi wowote kwamba vinaleta saratani, na ni heri tuache kuwapakia akina mama mzigo huo.

Hadi hapa tumekuwa tukijibu swali moja: nani ataugua? Nalitaja kama swali moja kwa sababu lipo la pili, na kwetu sisi ndilo zito zaidi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi zenye maendeleo ya juu kabisa, mwanamke 1 kati ya 12 atagunduliwa na saratani ya matiti maishani mwake, na 1 kati ya 71 itamuua. Katika nchi zenye maendeleo ya chini, anayegunduliwa ni 1 kati ya 27, na anayekufa ni 1 kati ya 48. Zisome tena pole pole. Kule wanaugua zaidi ya mara mbili kuliko huku, na huku wanakufa zaidi kuliko kule. Kule, kwa kila wagonjwa sita anakufa kama mmoja. Huku inakuwa zaidi ya nusu. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa jeni wala kwa uzazi wa mpango wala kwa pombe. Kwa hiyo mwanamke wa Afrika Mashariki anayetaka kujua hatari yake binafsi, baada ya kuuliza umri wake na ukoo wake pande zote mbili, lazima aulize jambo ambalo hakuna kikokotoo kinachomuuliza: nikigusa uvimbe leo, itachukua muda gani hadi nijue ni nini? Muda huo ni sehemu ya hatari yake. Ndiyo sehemu kubwa kuliko zote, na tofauti na jeni, inaweza kubadilishwa.

Ushahidi wa hili upo karibu nasi. Utafiti uliofuatilia zaidi ya wanawake 2,000 wenye saratani ya matiti katika nchi za Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini ulikuta kwamba baada ya miaka mitatu nusu tu ndio waliokuwa hai. Watafiti hao walikadiria kwamba kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo hivyo vingeweza kuepukwa kwa kugundua mapema na kutibu vizuri zaidi. Kusini mwa Sahara kwa ujumla, takriban wanawake watatu kati ya wanne hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Na ucheleweshaji huu una sura inayojulikana. Saratani ya titi mwanzoni kwa kawaida haiumi, na sisi tumezoea kwamba kisichouma hakina haraka. Mama anayenyonyesha akiwa na uvimbe huambiwa ni maziwa yameganda. Akienda zahanati hupewa dawa za jipu, akimaliza dozi bila nafuu hupewa nyingine, na kwa kuwa amehudumiwa na kuambiwa neno la kitabibu anarudi nyumbani ameridhika. Hapo katikati kuna mganga wa kienyeji, kuna maombi, kuna nauli inayosubiri mavuno. Kinyama kikichukuliwa nacho kinaweza kukaa wiki nyingi kabla majibu hayajarudi kutoka hospitali yenye mtaalamu wa patholojia. Hakuna hatua hata moja kati ya hizi inayohusika na ukoo.

Wataalamu watanipinga hapa, na pingamizi lao ni zito. Watasema: kama unataka ugunduzi wa mapema, utahitaji mamografia, na mashine hizo kwetu ni chache na ziko mijini, na kama unataka wanawake wajipime wenyewe, basi ilishajaribiwa ikashindwa. Ni kweli. Huko Shanghai wanawake zaidi ya 266,000, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, waliingizwa katika jaribio ambalo nusu yao walifundishwa kujichunguza matiti kwa utaratibu maalumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha vifo havikupungua, na waliofundishwa walikatwa vinyama vingi zaidi vya uvimbe usio na madhara. Nayakubali matokeo hayo kama yalivyo, na ndiyo maana sidhani kwamba dawa ni kumpa kila mwanamke kalenda ya kujikagua kila mwezi na kumlaumu asipoifuata. Lakini wanawake wale walikuwa na huduma ya afya kazini kwao, na uvimbe ukionekana njia ya kwenda kutibiwa ilikuwa fupi. Jaribio lile liliuliza kama mafunzo yanaongeza kitu juu ya hali hiyo. Halikuuliza nini kinatokea mahali ambapo mwanamke anakaa na uvimbe mwaka mzima kwa sababu hauumi.

Jaribio linalotufaa zaidi ni la Mumbai. Hospitali ya Tata Memorial iliwagawa wanawake 151,538 katika makundi mawili, na kundi moja likawa linachunguzwa matiti kwa mkono kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa afya wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Hapakuwa na mashine. Baada ya miaka 20, matokeo yakatolewa mwaka 2021: waliokuwa wakichunguzwa waligunduliwa wakiwa katika hatua za mapema zaidi, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo upungufu wa vifo haukuonekana, na ni uaminifu kulisema hilo wazi. Uchunguzi wenyewe ni kazi ya dakika chache. Mhudumu anatumia sehemu laini za vidole vitatu vya katikati, anazungusha miduara midogo, kwanza kwa mguso mwepesi, kisha wa kati, kisha wa kukandamiza hadi karibu na mbavu, akianzia chini ya mtulinga mpaka kwenye mkunjo ulio chini ya titi, na kutoka kwapani mpaka katikati ya kifua. Anatazama kama chuchu imeingia ndani au inatoa majimaji yenye damu, na kama ngozi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Nesi wa kituo cha afya anaweza kuyafanya yote haya akifundishwa vizuri na akipewa chumba chenye pazia.

Pingamizi jingine linatoka kwa watu wenye familia zilizoumia kweli. Watasema kwamba nikipunguza uzito wa ukoo ninawaweka wao hatarini. Sipunguzi hata kidogo. Mwanamke mwenye mama au dada wa tumbo moja aliyeugua kabla ya miaka 50, au ndugu wawili watatu wa upande mmoja walioumwa matiti au ovari, au ndugu aliyeugua matiti yote mawili, au mwanamume wa ukoo aliyepata saratani ya titi (maana asilimia 0.5 hadi 1 ya wagonjwa ni wanaume), huyo yuko katika daraja lake. Akiwa amerithi BRCA1 au BRCA2 yenye hitilafu, uwezekano wa kuugua katika maisha yake unazidi asilimia 60, na anastahili kuonana na daktari bingwa mapema, kuanza kuchunguzwa akiwa kijana, na kupimwa jeni pale inapowezekana. Ninachokataa ni kuligeuza jambo hilo upande wa pili. Ukoo wenye wagonjwa unakupa taarifa nzito. Ukoo usio na wagonjwa unakupa taarifa ndogo sana, na tumeishi kana kwamba zote mbili zina uzito sawa.

Wapo pia watakaosema kwamba kumweleza mwanamke hatari ambayo hana uwezo wa kuitibu ni kumtesa bure. Mionzi Tanzania inapatikana Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, na hospitali nyingine chache; anayetoka Mpanda au Tunduru anafikiria nauli, mahali pa kulala na nani atabaki na watoto. Hoja hii naiheshimu kuliko zote kwa sababu ni ya kweli kila siku ya Mungu. Ila ukiitazama kwa makini inaunga mkono kuwahi. Uvimbe wa sentimita moja au mbili mara nyingi unaweza kuondolewa bila kuondoa titi zima, au titi likaondolewa na mgonjwa akapona, kwa dawa chache na safari chache. Uliochelewa hadi ukapasua ngozi unadai dawa nyingi zaidi, safari nyingi zaidi, na mara nyingi mwisho wake ni kumpunguzia mtu maumivu tu. Familia masikini ndiyo isiyoweza kumudu hatua ya nne. Wanawake wengi wanaokataa kwenda hospitali wakihofia kukatwa titi wangeweza kulinusuru kama wangefika mapema, na wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi na nesi, na mume, na kiongozi wa dini wanayemsikiliza.

Wizara za afya za kanda hii hazihitaji kusubiri mashine mpya ili kuanza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa dunia wa saratani ya matiti wenye malengo matatu ya kupimika: angalau asilimia 60 ya saratani zilizokwisha kuenea nje ya mirija ya maziwa zigundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao. Lengo la kati ndilo letu. Mwanamke anapita kliniki ya mama na mtoto mara nyingi maishani mwake, anapita uzazi wa mpango, anapita uchunguzi wa mlango wa kizazi; baada ya hapo, akifika miaka 45, anatoweka kwenye mfumo hadi augue. Huyo wa miaka 45 hadi 65 ndiye wa kutafutwa, kwenye vikoba, sokoni, makanisani na misikitini, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao tayari wanajua nyumba zake. Aulizwe umri, aulizwe upande wa mama na upande wa baba, achunguzwe kwa mkono. Uvimbe ukibaki palepale baada ya dozi moja ya dawa, asipewe ya pili; apewe barua ya rufaa ya kuchukuliwa kinyama, na barua hiyo iandikwe juu kabisa tarehe aliyofika kituoni kwa mara ya kwanza, ili kila atakayeipokea mbele ya safari aone ni siku ngapi kati ya zile 60 zimeshapotea.